Vilivyobaki Gerejini

"Usiguse matairi hayo!"

Bi Rolande alisema hivyo bila kuinuka kitini. Mzee Normand, mwenye nyumba, akalirudisha chini tairi alilokuwa ameshalikumbatia kifuani.

"Mpangaji mpya anataka kuingiza gari lake, Bi Rolande. Nimwambie nini?"

"Mwambie gereji ina vitu vya mtu."

"Na mtu mwenyewe yuko wapi?"

Ufunguo wa gereji ulining'inia shingoni mwa Bi Rolande kwa uzi, naye aliushika kama ashikavyo rozari.

Jana ilikuwa Julai mosi, siku ambayo Montreal nzima huhama kwa pamoja, huyu akiingia yule akitoka, malori yakizibana njia. Sylvain, aliyekuwa amepanga ghorofa ya juu pamoja na gereji hii, alipakia asubuhi na mapema. Akasema lori ni dogo, vya gerejini atavirudia safari ya pili. Siku hiyo kila mtu husema hivyo, na karibu kila mtu hurudi. Mchana ukapita. Jioni ikapita. Asubuhi hii Bi Rolande na Normand walikunywa kahawa jikoni kwa Normand, kisha wakatoka kuja huku.

"Ametutupia mzigo," alisema Normand. "Sheria naijua. Nimpe taarifa, ningoje, asipojitokeza niuze au nitoe sadaka. Lakini..." Akamtazama Bi Rolande, akayameza yaliyobaki.

"Usimseme. Namjua kuliko wewe."

"Hilo sibishi."

"Basi tazama kwa macho yako. Matairi manne ya theluji, bado mapya. Umeona wapi mtu wa Montreal akahama akaacha matairi ya theluji? Ikifika Desemba atasafiri kwa nini, kwa ungo?"

Normand alicheka kidogo, puani.

Ginette, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshafika na toroli lake. Tangu jana alikuwa akizunguka mtaani kuokota walivyoacha waliohama: taa, stuli, zulia lenye alama ya pasi.

"Cherehani ile mnaitoa?" aliuliza, shingo imetangulia ndani.

"Hatutoi hata sindano," alisema Bi Rolande. "Kaokote mbele."

"Haya, dada, usining'ate. Ila nyinyi wawili mtazeekea humu mkilinda vya watu."

"Kwani bado hatujazeeka?" alisema Normand.

Bi Rolande aliinuka, akaanza kupita kitu kwa kitu, kama mama anayewagusa watoto vichwani kabla ya kulala. Sufuria kubwa ya kupikia achari ya nyanya ilikuwapo, imefunikwa kifudifudi. Kila vuli Sylvain huimimina achari hiyo juu ya mkate wa nyama hadi mkate wenyewe usionekane. Sanamu ya Mtakatifu Ana ilikuwapo, imeviringishwa taulo. Kabati la vyombo lilikuwapo.

Televisheni haikuwapo. Fimbo za kuvulia samaki hazikuwapo, wala baiskeli, wala hata taa za Krismasi.

Ndipo akaiona sakafu. Ilikuwa imefagiwa. Vitu vyote vilikuwa vimesogezwa ukutani, vimepangwa vizuri, katikati peupe. Mtu atakayerudi safari ya pili hafagii.

Moyo ulimchoma, akaukemea. Sylvain amekula kwa mkono wake. Alipougua homa ya mapafu, nani alimkesha? Alipoachishwa kazi, nani alimwambia kaa tu, tutakula kilichopo? Mtu kama huyo hawezi kukuangalia usoni akakwambia narudi sasa hivi, kumbe anakuaga.

"Mpigie tena," alisema.

"Nimepiga hadi nimechoka. Akiona namba yangu anaikwepa."

"Pigeni kwa simu yangu," alisema Ginette. "Yangu haijui." Akaibonyeza sauti ya juu, wasikie wote.

Simu ilipokewa mara moja.

"Naam, nani?"

Uso wa Bi Rolande ukafunguka. Normand akainama kwenye simu.

"Sylvain, ni mimi Normand."

Ilisikika barabara kubwa ikiunguruma.

"Mzee Normand. Samahani. Nilitaka nikupigie tukishafika."

"Mkishafika wapi?"

"Florida. Mpaka wa Marekani tuliuvuka jana."

Ginette aliziba mdomo kwa kiganja.

"Muulize matairi," alinong'ona Bi Rolande, akimvuta Normand mkono wa shati. "Muulize!"

"Matairi yako ya theluji je?"

"Florida nitayafanyia nini, mzee?" Sylvain alijaribu kucheka. "Uza. Gawa. Vyote vilivyobaki humo sivitaki tena. Fanya unavyoona."

Bi Rolande alilishika kabati la vyombo. Normand alimtazama, akaangalia chini, akamtazama tena.

"Na mama yako, Sylvain? Bi Rolande yuko hapa, anakusikia."

Barabara iliendelea kuunguruma ndani ya simu.

"Nimesema vyote, mzee."