Kiswichi cha Chini ya Ukingo

Wariara alikisukuma kile kiswichi kwa kidole gumba, akaipangusa laptop juu juu kama mtu anayeondoa vumbi, akarudi jikoni kukata sukuma wiki. Akajikata kidole.

Alikuwa amekigundua kwa bahati tu siku moja akisafisha. Kimejificha chini ya ukingo wa mbele: ukikisukuma huku, mtandao unakufa, ukikirudisha, unafufuka. Kihara, mwanawe, aliyeinunua mashine hiyo ya mtumba na kuiwekea mfumo wa Linux, hakujua kama kipo.

"Ai! Mathe, net imepotea!"

"Imeenda wapi?"

"Ningejua si ningeifuata?"

Ilikuwa Januari ya zile fujo za uchaguzi. Mtaa mzima wa Bondeni umejifungia ndani, saiba za intaneti zimefungwa, kadi za simu hazipatikani mjini kote. Kilichobaki ni mtandao wa duka la jirani yao Bhavin, ambaye alimwachia Kihara ruhusa ya kuutumia alipokimbilia Nairobi. Na mjomba Naftaly, kule Amerika, alikuwa ameandika kuhusu tiketi ya ndege: anangoja neno la Kihara, mwisho leo saa kumi na mbili jioni. Kihara alimsomea mamake ujumbe huo mpaka hapo tu.

Hapo tu palimtosha Wariara. Kifungua mimba wake, Mathenge, alishaenda huko huko, na tangu aende hurudi kwa picha tu. Huyu wa pili hangemtoa. Mama yeyote angemwelewa, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kihara alifungua lile dirisha jeusi la herufi nyeupe, akaandika amri moja baada ya nyingine. Akaizima mashine, akaiwasha. Akaing'oa draiva ya wayalesi, ile programu ya kunasa mtandao wa hewani, akaiweka upya.

"Kadi ya mtandao inaonekana," alisema, jasho likimtoka. "Lakini haisikii mtandao wowote. Ni kama imezibwa masikio."

Wariara alitazama sakafu. "Ni hiyo Linux yako. Kwani ukitumia Windows kama watu wengine utakufa?"

"Mathe, usianze." Alicheka kidogo, kisha akajipiga paji la uso. "Ni mimi. Jana nilifanya update. Nimeharibu na mikono yangu mwenyewe."

Hilo lilimchoma. Mtoto anajilaumu, na aliyemkosea amemshikia kikombe cha chai. Nje mtu alipita mbio, halafu wengi wakamfuata, na mlango wa mtu ukavunjwa huko mbele. Mama mwingine, Wariara alijiambia, angekuwa anamfungia huyu begi.

Akainuka na kitambaa. "Hebu niipanguse, labda ni vumbi."

"Vumbi tena? Si umeipangusa asubuhi?"

Kidole kilifika ukingoni. Kugusa tu, mtandao urudi. Akamtazama Kihara kisogoni, pale nywele zinapojizungusha tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akakiondoa kidole.

Saa kumi na mbili ikapita. Kihara aliifunga laptop polepole, akauficha uso mikononi. Mabega yalimtikisika.

Wariara aliketi kando yake. Sasa angeweza kuwa mpole. "Usilie, baba. Mungu hajataka uende. Tutakaa hivi hivi, mimi na wewe."

Kihara aliinua macho mekundu.

"Ni kukataa nilikuwa nakataa, mathe. Mjomba alisema nikinyamaza atajua nimekubali, na saa kumi na mbili anauza gari lake anilipie tiketi. Sasa ameshauza, nitamwambia nini? Barua ilikuwa tayari, ilibaki kutuma tu. Nilikuwa nimemwandikia siwezi kukuacha peke yako."