Helmeti ni za Wajerumani

Safari hii Mzee Egbert alisimamishwa na meza ya muuza samaki.

Alikuwa akiteremka kwa baiskeli kutoka daraja la mto IJssel. Alirudisha pedali nyuma ili breki ishike, breki ikakataa, akapita katikati ya wanafunzi wa shule huku akipiga kengele kama mtu anayetangaza moto. Walipomwinua, vitunguu vya kulia samaki, vilivyokatwakatwa, vilikuwa vimemjaa kwenye nywele. Binti yake, Gerdien, alipigiwa simu akiwa kazini. Ilikuwa simu ya nne tangu Pasaka. Hakushtuka tena, alichoka tu, uchovu wa mtu anayeteka maji kwa pakacha.

Ya kwanza lilikuwa gari la mikate. Ya pili, mabata bukini kwenye tuta la mto. Ya tatu alikuwa mama mwenye kigari cha mtoto, na hiyo Gerdien hakupenda hata kuikumbuka.

Jioni alikaa na baba yake jikoni.

"Baba, breki zako zimekufa."

"Hazijafa, zimezeeka. Na mimi nimezeeka. Tunaelewana."

"Fundi anasema kifaa chake hakitengenezwi tena. Nitakununulia mpya, yenye breki za mikononi."

"Usinunue!" Mzee alilisema hilo haraka mno, kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Akaipangusa kwa kidole. "Mtu wa miaka themanini na minne na baiskeli mpya? Watu watanionaje?"

"Basi vaa helmeti. Niliyokupa mwaka jana bado iko kwenye boksi lake."

"Helmeti ni za Wajerumani, mwanangu, sisi tumezaliwa juu ya baiskeli. Unataka Dieks anicheke mpaka meno yake ya bandia yamdondoke?"

Gerdien alijua lawama nyingine ni zake mwenyewe. Mzee alikuwa amesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na minane, na mji mzima wa Deventer ulimjua kwa mgongo wake. Siku yake ya kuzaliwa, wageni wameketi duara, kila mmoja na kipande chake cha keki, Gerdien ndiye aliyeropoka kwa majivuno: "Baba yangu bado anapanda! Siku atakayoacha baiskeli, ndiyo siku tutakayomtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee." Watu walicheka, na mzee alicheka kuwashinda wote.

Ulikuwa mzaha, lakini mji ule haufanyi mzaha na jambo hilo. Mzee huanza kuacha baiskeli, zikafuata ngazi za nyumbani, kisha nyumba yenyewe. Gerdien angemwambiaje babaye aache kupanda? Ingekuwa sawa na kumpimia kaburi. Na asipomwambia, ipo siku ataitwa hospitali kuutambua mwili wake.

Juu ya hayo yote, mzee akaonekana kuanza kusahau. Mara mbili mwezi ule Mzee Dieks, rafiki yake wa kahawa, aliirudisha ile baiskeli nyumbani akiikokota.

"Ameiacha tena nyuma ya kanisa," Dieks alinong'ona mlangoni mara ya pili. "Tena wazi, bila kufuli. Mchunguze baba yako, binti. Mtu wa hapa husahau jina lake kwanza, ndipo asahau kufuli."

Gerdien alimshukuru, akafunga mlango, akaenda kulia bafuni huku maji ya bomba yakimwagika.

Usiku huo aliamua. Ataiiba.

Hakuwahi kuiba hata penseli ya ofisini, lakini alikuwa amefika mwisho wa akili zake. Baiskeli huibwa kila siku, na hakuna mzee anayepelekwa popote kwa sababu ameibiwa. Ataitupa mtoni, na babaye atatukana wezi wiki nzima, kisha atazoea kutembea. Afadhali yeye aililie baiskeli kuliko Gerdien amlilie yeye.

Ijumaa, siku ya soko, aliomba ruhusa kazini. Aliwapitia kwa mbali wazee wawili wakinywa kahawa uwanjani, Dieks akisimulia jambo kwa mikono yote miwili. Baba yake alikuwa hamsikilizi. Alikuwa akitazama upande wa kanisa, tena na tena, na Gerdien akajificha nyuma ya kibanda cha jibini mpaka alipogeuza uso.

Nyuma ya kanisa, baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, peke yake, mahali wapitapo watu wote. Gerdien alitoa ufunguo wa akiba uliokuwa umeloa jasho la kiganja. Haukuhitajika. Kufuli lilikuwa wazi.

"Jamani, Baba," alisema, na machozi yakamjaa. Kumbe Dieks alisema kweli. Alishika usukani, akaanza kuikokota haraka kuelekea mtoni, ndipo kitu kikampiga mkononi. Ilikuwa bahasha, imefungwa kwa uzi chini ya kengele na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe mvua. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, mkubwa na ulionyooka.

*Mheshimiwa Mwizi,*

*Tafadhali chukua. Hii ni mara ya tatu naiacha wazi, na watu wema wananirudishia. Breki hazishiki kabisa, kwa hiyo usiipande, ikokote mpaka kwa fundi. Baada ya hapo vaa helmeti. Mimi naogopa kufa tangu Pasaka, lakini nikiiacha mwenyewe binti yangu atanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Ukiiba wewe, hatakuwa na la kusema.*