Beji Nyeupe

Kila bomu la majaribio lilipolipuliwa ng'ambo ya vilima, beji aliyoivaa kila mtu shingoni ilipima mionzi. Beji ikigeuka nyeusi, mwenye nayo alipelekwa kambini, na kambini hajarudi mtu.

Ndiyo maana king'ora kilipolia, Kabula, kama wanawake wote wa kijiji, alizifukia beji za nyumba yake ndani ya kihenge, chini kabisa ya mtama. Kisha alilala kifudifudi sakafuni, amemkumbatia bintiye Nyamizi, mpaka bati liache kutetemeka.

Asubuhi iliyofuata, beji zikiwa zimesharudishwa shingoni, mpimaji alikuja, kijana mwenye adabu zake. Alizigeuzageuza beji juani. Zote nyeupe pe.

"Hongera, mama," alisema. "Kijiji kizima hakuna beji yenye hata doa. Wakubwa wamefurahi mno."

"Tunamshukuru Mungu, baba."

"Basi jaribio lijalo litafanyika upande huu, nyuma ya shule. Wala hamtahamishwa. Vipimo vinaonyesha nyinyi mionzi haiwapati."

Kabula alifungua mdomo. Alikitazama kihenge, kisha akamtazama Nyamizi, aliyekaa kizingitini amefungwa kitambaa kichwani. Angesema ukweli, wangemchukua mtoto leo hii. Angenyamaza, bomu lingewafuata wote hapo hapo nyumbani.

"Karibu chai, baba," alisema, huku mkono aliouficha nyuma umefumbata fungu la nywele za mwanawe, alizozitoa kwenye kitana muda si mrefu.