Karatasi ya Mwisho ya Salha

Bibi mgeni aliingia ghafla kwa Salha, mpiga chapa.

"Mjukuu wangu kakulia Ulaya, hajui Kiswahili. Mwandikie aje. Neno langu lisipotee."

"Halipotei, bibi. Naahidi."

Alipomaliza kuchapa ukurasa kwa Kiingereza, Salha alimsomea akimfasiria.

"Hilo wish ndiyo nini?"

"Kutamani jambo, hata lisilowezekana."

"Aa! Na unapongoja jambo litakalokuja?"

"Hope."

"Basi weka hilo. Mimi shuka zake nishazifua."

Salha alimtazama kwa mshangao. Shuka za mtu aliye ng'ambo, zimefuliwa tayari!

Taipureta yake haikuweza kufuta neno; ilibidi ukurasa mzima uchapwe upya. Ilibaki karatasi moja safi, aliyoitunza kwa barua yake mwenyewe ya kuomba kazi. Akaichomeka, akainyoosha taratibu kwa viganja, kama anayetandika kitanda.