Karibu, Siwema

Kompyuta ilipowaka, iliandika maneno yale yale ya kila asubuhi: Karibu, Siwema.

Wajane wa kikundi wakarudi nyuma hadi mlangoni. Siwema, karani wao, alizama akitoka Liuli, na ziwa halikumrudisha.

"Jina lake halijarithiwa na mtu," mmoja akanong'ona. "Likiitwa, nani ataitika?"

Mwenyekiti, mama yake Siwema, akawakaripia. "Mashine haina mzimu! Mnangoja wafadhili walioileta waipeleke kikundi kingine? Mwalimu, futa hilo jina, watu wajifunze."

Mwalimu wa kompyuta kutoka Mbinga akasita. "Futa wewe, mama. Bonyeza hapa, herufi moja moja."

Kitufe kilikuwa laini kama kokoto la ufukweni. Vidole vya Siwema ndivyo vilivyokilainisha.

A ikatoka. M ikatoka. E.

Akainua kidole. Kaburi hakuna, msalaba hakuna.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nikimaliza, akija atajuaje kuwa ni kwake?"

Mama akazirudisha herufi zote, akaizima mashine, akaiwasha upya. Jina lilipotokea, alivuta kiti cha bintiye, akakaa.

"Abee," akaitika.