Lenzi ya Vitu Vidogo

Kopo la kwanza lilikuwa na nywele. Si nywele za kusuka wala za kuuza. Kifundo kimoja tu, kimelowa mafuta, kimejiviringisha kama kitu kilichotapikwa na paka. Mteja, mama wa makamo, alikimwaga juu ya karatasi nyeupe katikati ya kaunta, shubiri moja kutoka kwenye supu ya muuzaji.

"Nataka kamera itakayokiona hiki vizuri," alisema. "Unywele mmoja mmoja."

Muuzaji alivuta bakuli lake haraka, akalifunika kwa sahani. Uchafu usije ukaingia humo. Supu ile ndiyo iliyomfanya aipende kazi yake. Mama wa mgahawa wa chini, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi, alimpandishia kila mchana, mwaka wa tatu sasa: ya moto, yenye mnofu, na pilipili manga ya kuonekana kwa macho.

Lakini mteja hafukuzwi. Asubuhi ile meneja alikuwa amemwonyesha kamera kubwa iliyolala kabatini tangu mwaka jana, akamwambia kwa upole kwamba kufikia kesho itatoka dukani kamera hiyo au atatoka yeye. Naye muuzaji, Mungu amhifadhi, alikuwa na ulimi wa kumuuzia kipara kitana.

Akauliza maswali ya kazi. Ni kamera ya kwanza? Ya kwanza, mama alijibu. Mpaka sasa alikuwa akitumia simu. Anapiga nini? Vitu vidogo kwa karibu, ila pia vyumba, watu, milango, mambo ya kawaida. Simu ilikuwa imemwaibisha: picha zilitoka na ukungu, wenye vitu wakazikana mbele za watu, na kazi ya mwaka mzima ikaenda na maji.

Muuzaji alisikia hayo ya "wenye vitu", akazitazama zile nywele, akajiuliza zimetoka kichwani kwa nani.

Kopo la pili lilimjibu vibaya zaidi. Ukucha wa mtu, mpana, una mstari mweusi kwa chini. Na plasta ya kidonda, imekunjamana, doa la njano bado bichi. Plasta ilikuwa imenata kwenye kifuniko. Mama akaibandua kwa kikoleo, taratibu, kama anayemvua soksi mtoto aliyelala. Muuzaji alilisogeza bakuli lake mbali zaidi. 

Nywele, ukucha, usaha wa mwenzako. Hata mtoto wa chekechea anajua vitu kama hivyo hukusanywa na nani, na ni vya kumfanyia nani nini. Na kumtazama huyu mama, gauni limepigwa pasi, miwani ya kamba, mkoba wa ngozi! Wachawi wa siku hizi nao, aliwaza, wamehamia dijitali.

Akaitoa ile kamera ya kabatini, akafanya kazi kwa kupumulia mdomoni. Akaeleza kwamba lenzi inayokuja na kamera ni ya vyumba na watu. Kitu kidogo ukikisogelea nayo, inagoma. Mama alikuwa tayari kuridhika na hiyo hiyo. Hapo ufundi ukamzidi muuzaji. Akamwambia itamwaibisha kama simu ilivyomwaibisha, akamfungia lenzi ya makro, yenyewe hasa ya vitu vidogo. Akamwonyesha namna ya kuweka taa ubavuni ili mafuta yang'ae na kila kivimbe kitoe kivuli chake. Akamwegemeza viwiko juu ya kaunta.

"Zuia pumzi, mama, na mkono usitetemeke. Kwa karibu hivi, ukitikisika kidogo tu umeharibu."

Mama alipiga. Plasta ikajaa kwenye kioo cha kamera, kubwa kama godoro lililooza, nyuzi zake zimeshikana kwa usaha, na pembeni umesimama mguu wa nzi bila nzi wake. Muuzaji aligeukia ukutani, akasoma kalenda kwa makini sana.

"Hii hakuna wa kuikana," mama alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nifungie kamera na lenzi zote mbili."

Muuzaji aliishika kalamu kwa ncha za vidole, kana kwamba nayo imetoka koponi, akauliza risiti aiandike kwa jina gani.

"Andika Ofisi ya Afya. Ukaguzi."

Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Akaungama yote, uchawi na dijitali yake. Mama naye akacheka, akasema huitwa mabaya zaidi ya hayo karibu kila wiki. Kamera imetoka, kazi imepona, na njaa ikarudi mbio. Muuzaji aliomba radhi, akafunua bakuli, akachota kijiko cha kumwagika, akakitia kinywani huku amefumba macho.

Alipoyafumbua, mama alikuwa ametoa kopo la tatu. "Nionyeshe na hili kabla sijaenda. Ni la leo asubuhi."

Punje nyeusi, kavu, kama kumi hivi. Muuzaji alishusha pumzi. "Hili angalau halina kinyaa," alisema, bado anatafuna. "Pilipili manga."

"Sogeza lenzi."

Akasogeza. Kwenye kioo punje zikakua, zikarefuka, zikachongoka ncha, na kwenye mojawapo ukaonekana unyoya mfupi wa kijivu, wa panya, umenasa. Muuzaji aliacha kutafuna.

"Shangazi wa hapo chini ameniapia kwamba pilipili manga haijawahi kuingia jikoni kwake, inamkereketa koo," mama alisema, akilisukuma bakuli polepole hadi chini ya lenzi. "Piga, mwanangu. Zuia pumzi, na mkono usitetemeke."