Muhuri Mwekundu

Askari aliponilipa bei ya tamale, andazi langu la unga wa mahindi, nilijua papo hapo kwamba si wa jeshi hili.

Sare ilikuwa yao. Lakini kipande cha kadibodi alichonitia kiganjani, senti ishirini, kilikuwa na muhuri mwekundu: pesa ya jeshi lililofukuzwa juzi kutoka mji wetu wa Aguascalientes. Pesa ya sasa ina muhuri wa buluu. Ukikutwa na nyekundu, unasimamishwa ukutani pale stesheni na kupigwa risasi.

Naye akaona kosa lake. Jasho likamtiririka mpaka kwenye masharubu.

"Doña Crispina!" kapteni wa jeshi la buluu akanifokea kutoka nyuma yake. "Mbona mnakodoleana macho kama wachumba? Wengine tuna njaa!"

"Subiri zamu yako, afande. Hata risasi hupangwa foleni."

Kadibodi ilikuwa imelowa, kingo zimefumuka kama pamba. Jiko la makaa lilikuwa miguuni pa kapteni, nisingeweza kuichoma asione. Mjinga huyu aliyenilipa, nikawaza, mimi nina watoto wanne!

"Umefumbata nini? Fungua mkono."

Nikajifuta mdomo kwa kiganja kilekile, kisha nikamfungulia mikono yote miwili. Mafuta na unga wa mahindi tu.

"Na hicho unachotafuna?"

"Tamale ya jana, afande. Ngumu kama kadibodi."

Nikameza. Uchungu wa wino mwekundu ukabaki mdomoni.

Kapteni hakucheka. Akaniinamia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Toa ulimi."

Nikaung'ata kwanza, kwa nguvu zangu zote, ndipo nikautoa, damu ikifunika wino.